Maji Yaliyo Juu ya Paa la Shule



Shule ya shamba ikipata fedha kidogo, kila mtu huwa na shauri lake. Wanafunzi wetu wa zamani wameahidi kutusaidia mwaka huu, nao wametuuliza sisi tulio bado shuleni twahitaji nini kwanza. Wengine wametaja ukumbi, wengine kompyuta, na wengine lango jipya kando ya barabara. Yote ni mambo mema. Lakini mimi naona maji yatangulie, na katika makala haya nitaeleza kwa nini, na jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Tangu mwaka 2007, Serikali ya Uganda ilipoanzisha mpango wa elimu ya sekondari bila ada, shule nyingi zimepokea watoto ambao zamani wangalibaki nyumbani. Hiyo ni baraka kubwa. Hata hivyo, kisima kilichochimbwa kwa ajili ya watoto 100 hakizidi maji kwa sababu sasa wako 300. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba shule ya bweni iwe na lita 20 kwa kila mtu kila siku, na shule ya kutwa lita 5. Lita 20 ni dumu moja. Basi wanafunzi 300 wa bweni wahitaji madumu 300 kila siku, na kila dumu lina uzito wa kilo 20. Anayepanda nalo kilimani kutoka chemchemi hufika darasani amechoka, tena kengele haimngojei. Na maji yakiwa haba, mikono hainawiwi, ndipo kuhara na homa ya matumbo huingia bwenini.

Sasa tutazame juu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta mraba 1 huleta maji lita 1. Tuseme bweni lina paa la mabati lenye urefu wa meta 30 na upana wa meta 8, yaani meta mraba 240. Sehemu nyingi za Uganda hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo paa hilo moja hupokea lita 240,000. Mengine hurukia nje na mengine hukauka juu ya mabati, basi tuhesabu sehemu 8 katika 10: zabaki lita 192,000, nazo ni madumu 9,600.

Lakini hesabu yafaa isemwe yote. Wanafunzi 300 wakitumia lita 20 kila mmoja, watayamaliza maji hayo kwa siku 32. Wakiyaweka kwa kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa kila mtu, yatatosha siku 128. Kwa hiyo chemchemi haiachwi. Itabaki kwa kufulia na kuogea, na maji ya paa yatakuwa ya jikoni.

Tena mvua hainyeshi kila mwezi. Huku kusini mwa Uganda mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba. Katikati yake ni kiangazi, na hapo ndipo tangi lahitajiwa. Tangi la mviringo lenye upana wa meta 3 na kimo cha meta 2 huchukua lita 14,000 hivi. Kwa shule hiyo ni maji ya siku 9 tu. Ndiyo sababu nasema tuanze na tangi moja lililojengwa vizuri, kisha tuongeze jingine kila mwaka, hata kila paa liwe na lake.

Kazi yenyewe yaenda hivi. Kwanza ni mlizamu chini ya ukingo wa paa. Uelekee kwenye tangi kwa mteremko mdogo, kama sentimita 1 kwa kila meta. Ukiwa hauna mteremko maji hutuama, majani huoza, na mbu huzaliana humo.

Pili, maji ya kwanza ya mvua yasiingie tangini, kwa maana huosha vumbi na mavi ya ndege. Yatosha kumwaga nusu lita kwa kila meta mraba. Kwa paa letu ni lita 120, nazo zaweza kupokewa na pipa lililowekwa kando.

Tatu ni tangi. Fundi wa kijijini aweza kulijenga kwa saruji, mchanga na wavu wa waya. Kuta zake ni nyembamba, lakini waya huzizuia zisipasuke maji yanapozisukuma. Likiisha kupigwa lipu lazima linyeshewe maji kwa siku 7 au zaidi, kwa kuwa saruji hupata nguvu ikiwa na unyevu. Msingi uwe imara, maana lita 14,000 ni tani 14. Lifunikwe vema, ili mwanga usioteshe mwani wala mbu wasiingie. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Watu wa visiwa vya Bermuda, ambavyo havina mto hata mmoja, wameishi kwa maji ya paa tangu miaka mingi, na kila nyumba ina tangi lake. Basi si jambo la kubahatisha.

Neno la mwisho ni utunzaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bomba likivuja lita 1 kwa dakika, mchana na usiku huondoa lita 1,440, karibu sawa na maji ya kunywa na kupikia ya shule nzima kwa siku. Kwa hiyo wachaguliwe wanafunzi wawili katika kila kidato, wawe na daftari, waangalie milizamu na mabomba kila Jumamosi.

Nanyi ndugu zetu mliotutangulia, nawaomba msizimalize fedha zote katika ujenzi. Wekeni akiba ya matengenezo, na aliye fundi kati yenu aje atufundishe. Sisi wa kidato cha sita twaondoka mwisho wa mwaka, na wadogo zetu ndio watakaoyanywa maji hayo. Tukianza wakati wa likizo, mvua za Septemba zitatukuta tayari.