Leseni Chache, Mikono Mingi

Mhasibu anapokwenda likizo na kumwachia mwenzake nywila kwenye kikaratasi, ofisi huona imepata nafuu. Malipo yanaendelea, stakabadhi zinatoka, wateja hawakai foleni. Hasara hujitokeza mkaguzi anapouliza ni nani aliyeidhinisha malipo fulani, na mfumo ukataja jina la mtu ambaye siku hiyo alikuwa kwao Haydom akivuna mahindi.

Chama cha akiba na mikopo au duka kubwa la pembejeo linalotaka kuacha daftari na kuhamia kwenye programu, liwe Katesh, Dongobesh au Mbulu mjini, litakutana na jambo hili mapema kuliko linavyodhani. Muuzaji atauliza: watumiaji wangapi? Jibu linalotolewa haraka huwa ni dogo, kwa sababu kila mtumiaji anaongeza bei. Wafanyakazi ni 15, zinanunuliwa leseni tano, na kuazimana nywila kunaanza wiki hiyo hiyo.

Leseni zenyewe huuzwa kwa njia mbili kuu. Moja hufungwa kwenye jina la mtu, aitumie asiitumie. Nyingine huhesabu walioingia kwa wakati mmoja: wafanyakazi wote 15 wanaweza kuwa na akaunti zao, ila watano wakishaingia, wa sita anasubiri mmoja atoke. Kwa ofisi zetu nyingi njia ya pili ndiyo inayofaa, maana afisa mikopo anayeshinda vijijini hahitaji kushikilia nafasi kutwa nzima. Lakini ina mtego wake. Hesabu ikifanywa kwa siku ya kawaida, itavunjika siku ya mnada. Mkulima akishauza ng'ombe au magunia ya maharage anataka kulipa deni lake saa ile ile, na wenzake wamejaa nyuma yake. Msimu wa mavuno ni hivyo hivyo. Leseni zihesabiwe kwa siku ya pilikapilika, au mkataba uruhusu kuongeza chache kwa miezi ya mavuno na kuzirudisha baadaye.

Serikali imelipitia somo hili kwa miaka mingi. Hazina ilianza kutumia programu ya Epicor, wakati huo ikiitwa Platinum, mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2012 toleo la 9.05 lilisambazwa kwenye halmashauri, seva zake zikiwa Dodoma. Ni bidhaa ya kampuni ya Marekani, ya aina inayouzwa kwa kuhesabu watumiaji. Mfumo uliishia makao makuu ya halmashauri. Zahanati na shule za kata kama Jorodom ziliendelea na vitabu vya mkono, na aliyetaka kujua fedha za kituo chake zimefikia wapi ilimbidi aende kuuliza kwa mweka hazina wilayani.

Mabadiliko yalikuja mwaka wa fedha 2017/18, fedha za afya zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Ulitengenezwa mfumo wa FFARS kwa ajili ya vituo vya afya na shule, ambamo kituo chenyewe kiliingiza mapato na matumizi yake. Kisha wataalamu wa Wizara ya Fedha wakatengeneza MUSE, mfumo wa ulipaji ulioanza serikali kuu na baadaye ukafika kwenye halmashauri. Mfumo uliojengwa nyumbani haumtozi mganga mfawidhi ada ya kigeni kwa kila jina linaloongezwa. Naamini huo ulikuwa uamuzi mzuri wa kiuchumi, na faida yake kubwa ni kwamba mtu wa kijijini sasa anaweza kuwajibika kwa jina lake mwenyewe.

Hata hivyo uhaba haukwisha, umehama. Zahanati yenye watumishi wawili inahitaji mtu wa kuandaa malipo na mwingine wa kuyaidhinisha, na huyo anayeandaa ndiye anayechoma chanjo asubuhi. Nywila zipo, watu hawatoshi. Zikiishia zote mbili kwenye kiganja cha mtu mmoja, udhibiti umekufa ingawa kompyuta inaonyesha majina mawili.

Chama cha ushirika au mfanyabiashara binafsi hana Hazina ya kumjengea mfumo. Ananunua, na mara nyingi bei imewekwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Ada ya mwaka iliyokuwa ile ile kwa muuzaji ilipanda kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa mnunuzi, kabla hajaongeza mtumiaji hata mmoja. Ndipo meneja anapokata leseni, na kwa kawaida huanza na za wadogo: karani wa dirishani na mtunza ghala.

Hapo ndipo ninapopinga. Anayestahili leseni kwanza ni yule anayeandika: anayepokea fedha, anayetoa mzigo ghalani, anayeingiza mkopo. Anayefuata ni muidhinishaji, na lazima awe mtu mwingine. Mwenyekiti wa bodi anayesoma taarifa mara moja kwa mwezi hahitaji akaunti. Apelekewe taarifa iliyochapishwa. Nimeona leseni zikipelekwa kwa wakubwa kama heshima, huku makarani watatu wakitumia jina moja kwenye droo moja ya fedha. Fedha ikipungua, wote watatu wanashukiwa, na asiye na hatia hana cha kujitetea nacho.

Wakati wa kuanza pia si lazima kila mtu aingie siku moja. Kianze kitengo kimoja, tuseme akiba, kwa mwezi mzima, huku daftari likiendelea pembeni ili hesabu zilinganishwe. Mwezi huo utaonyesha nani anaingia kila siku na nani aliingia siku ya mafunzo tu. Akaunti ya huyo wa pili ifungwe, leseni yake apewe mwenye kazi.

Kabla ya kusaini, muuzaji aulizwe mambo matatu na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Mfanyakazi akihama au kufukuzwa, leseni yake inahamishika siku hiyo hiyo, na kwa gharama gani? Mtandao ukikatika wakati watu wako ndani, nafasi zao zinaachiwa baada ya dakika ngapi? Na chama kikishindwa kulipa ada ya mwaka, wanachama wataendelea kuona hesabu za akiba zao, au zitafungiwa pamoja na programu?