Je, Wajua? Mbasa, Kiboko na ile S ya Kiingereza

Je, wajua kwamba mtoto wa Kinyakyusa pale Kyela huingia kidato cha kwanza akiwa tayari anapatanisha kiima na kitenzi kwa lugha mbili? Nyumbani mtu ni umundu, watu ni abandu, na kitenzi hufuata kwa kubadilika mwanzoni. Shuleni, kwa Kiswahili, mpunga umeiva, maji yamejaa. Mwaka 2017 mwanaisimu Bastian Persohn alichapisha huko Berlin kitabu kizima kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa. Kinapatikana bure mtandaoni.

Je, wajua kwamba, ukiacha kitenzi "be", Kiingereza kimebakiwa na alama moja tu ya upatanisho kwenye kitenzi, s, tena mkiani, kwa wakati uliopo na nafsi ya tatu umoja? Ukihamia jana, "he went" na "they went" ni mamoja. Ni "was" na "were" tu zinazoachana. Lugha bahili!

Je, wajua kinachowaponza wanafunzi? Kwetu wingi hujitokeza pande zote mbili: watu wanakuja. Kwa Waingereza s ya nomino ni ya wingi, s ya kitenzi ni ya umoja. Meli moja ikiondoka bandari ya Itungi, "the boat leaves". Zikiwa mbili, "the boats leave". Anayeandika "boats leaves" anakosa alama, ila mantiki yake ya Kibantu iko timamu.

Je, wajua kwamba "the fish swims" ni samaki mmoja na "the fish swim" ni wengi? Nomino imenyamaza, kitenzi ndicho kinachohesabu. Mvuvi wa mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, pale Matema hashangai: mbasa amenaswa, mbasa wamenaswa.

Je, wajua kwamba maana hulishinda umbo? Kiboko ana ki- ya kiti, lakini hatusemi kiboko kimezama. Kiingereza nacho husema "news is" japo s ipo, na "police are" japo haipo.

Na timu ya soka je: Simba imeshinda au Simba wameshinda? Watangazaji wetu husema yote mawili. Mwingereza huruhusu "the team are", Mmarekani hupendelea "is".

Na je, wajua kwamba huko East Anglia, mashariki mwa Uingereza kwenyewe, lahaja ya jadi husema "she go"? Mtahiniwa wa Kyela asijaribu.