Michi Miwili, Kinu Kimoja

Akina mama wawili watwangapo katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, hapana anayehesabu wala anayetoa amri. Mchi mmoja hupanda wakati mwingine unaposhuka, wala haigongani. Akija wa tatu, hutazama kidogo, akainua mchi wake, kisha akaingia katika nafasi yake bila kuvuruga mwendo. Kazi hii ni ya kila siku katika nyua za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, tokea Palma, kusini ya mto Ruvuma, hadi Mocímboa da Praia na visiwa vya Quirimbas. Kwa kuwa imezoeleka, ni wachache wanaojiuliza: Je, watu hawa huwezaje kwenda pamoja hivyo? Na kwenda pamoja huko huwafanyia nini?

Jambo hili haliishii kwenye kinu. Hata mazungumzo yana mapigo yake. Mwaka 2009 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa lugha kumi za mabara mbalimbali. Walipima muda unaopita kati ya mtu kuuliza swali na mwenzake kuanza kujibu. Wastani ulikuwa kama moja ya tano ya sekunde tu, ijapokuwa lugha zilitofautiana kidogo. Lakini kutafuta neno moja na kulitamka huchukua zaidi ya nusu ya sekunde. Maana yake ni kwamba msikilizaji huanza kutayarisha jibu kabla msemaji hajamaliza. Salamu ndefu za watu wa pwani, ambapo habari za nyumbani, za watoto na za kazi huulizwa na kujibiwa kwa kupokezana, basi si upotezaji wa muda. Ni kama kuonjana mwendo kabla ya kuanza kutwanga.

Watoto nao huanza mapema. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichunguza watoto wa miezi kumi na minne. Kila mtoto alibebwa na kurushwarushwa taratibu kwa muziki, huku mtu mwingine akiwa amesimama mbele yake. Baadhi ya watoto walirushwa sawasawa na mwendo wa mtu huyo, na wengine walirushwa kwa mwendo uliopishana naye. Baadaye mtu yule akajifanya kuangusha vitu, kama vile vibanio vya nguo. Wale waliokwenda naye sawa walielekea zaidi kumwokotea. Mama anayembembeleza mwanawe mgongoni huku akiimba, kumbe hamlazi tu. Anampa somo la kwanza la ujirani.

Wakubwa pia hupata faida. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa juu ya wapiga makasia wa Oxford, Uingereza. Ilionekana kwamba walivumilia maumivu zaidi baada ya kupiga makasia pamoja kuliko baada ya kufanya zoezi lile lile kila mtu peke yake. Wavuvi wanaovuta wavu ufukweni kwa wimbo wa kupokezana hawatashangazwa na habari hiyo.

Katika pwani hiyo ya Wamwani, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili, ustadi huu hudhihirika sana katika tufo. Hii ni ngoma ya akina mama, ichezwayo kwa matari. Wachezaji huvaa kapulana za namna moja, wakajipanga safu, aghalabu wakipiga magoti, na kuyumbisha mabega, mikono na vichwa kwa pamoja huku wakiimba. Kikundi cha tufo si cha kuchezea tu, kwani wanachama wake husaidiana katika harusi na misiba.

Ndiyo maana hasara ya vita ni kubwa kuliko nyumba zilizoteketea. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na baadaye Palma mnamo Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wa jimbo hilo wamepata kuyahama makazi yao. Mwezi wa Oktoba 2020 maelfu waliteremka kutoka mashuani katika ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba, na wengi wakapokewa katika nyumba za watu. Baadhi ya waliohama wamekwisha kurudi makwao. Lakini aliyekimbia huacha nyuma wale aliojua mwendo wao, na katika ua wa ugenini hulazimika kujifunza mwendo mpya.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kwenda pamoja si wema peke yake. Askari huenda kwa hatua moja, na hata kundi la wahuni huweza kupaza sauti moja. Mapigo yale yale yaunganishayo walio ndani ya duara huweza kumfanya aliye nje aonekane adui. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila ngoma ni hili: Je, nafasi ya mgeni ipo?

Hapo ndipo kila nyumba ina sehemu yake. Mgeni aliyepewa kiti na sahani ya chakula amehifadhiwa, lakini bado hajawa mwenzenu. Mpeni mchi. Mwacheni ashike upande wa pili wa wavu, aitikie wimbo na apokee salamu hadi mwisho. Siku za mwanzo atachelewa kidogo, na michi huenda ikagongana. Mvumilieni, na mpunguze mwendo hadi aupate. Mapigo yakishakaa sawa, wenyeji na mgeni watakuwa wamekwisha kujuana kabla hata ya kuulizana mengi.