Darasa la Nyumbani kwa Gharama Ndogo

Tangu Serikali ya Burundi ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka 2005, watoto wengi waliokuwa wakibaki majumbani walipata nafasi ya kusoma. Madarasa yalifurika, na shule nyingi zikalazimika kufundisha kwa zamu, wengine asubuhi, wengine alasiri. Mtoto wa zamu hubakiwa na nusu siku mikononi mwa wazazi wake. Nusu siku hiyo ndiyo tunayoizungumzia leo.

Hapa Gihosha, kama katika vitongoji vingine vya Bujumbura, wenye uwezo humwajiri mwalimu wa kuja nyumbani. Ni jambo jema, lakini mshahara wa askari au wa karani hauwezi kuubeba mzigo huo kila mwezi. Je, mtoto aachwe? La, hasha.

Kwanza, wazazi wachunguze mtoto anakwama wapi. Miaka minne ya mwanzo masomo hutolewa kwa Kirundi. Mwaka wa tano Kifaransa hushika nafasi yake. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu ghafla huonekana mzito, kumbe hesabu anaijua, ila swali halielewi. Huyo hahitaji kufundishwa upya kila somo. Asome Kifaransa kwa sauti nusu saa kila siku, kisha aeleze kwa Kirundi au Kiswahili alichokisoma. Na aanze angali darasa la tatu, asingoje la tano.

Pili, vifaa visimtishe mtu. Kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi, pamoja na chaki, huokoa madaftari: mtoto ajaribu ubaoni, na jibu lililo sahihi ndilo liingie daftarini. Maharagwe ya jikoni yatosha kwa kujumlisha na kugawanya. Atumwapo kununua ndagala, ahesabu chenji kabla ya kuondoka, na arudipo aandike matumizi yote.

Tatu, majirani washirikiane. Nyumba tatu zenye watoto wa darasa moja zaweza kununua kitabu kimoja kimoja na kuazimana. Ikiwa mwalimu hana budi kuajiriwa, kila nyumba italipa theluthi. Baba akiwa lindoni usiku, au yuko kambini mbali, jirani atawasimamia watoto wote.

Mzazi asiyejua Kifaransa asijitoe. Aketi karibu, asikilize, akague daftari kila jioni, na ampe kaka au dada mkubwa kazi ya kumfundisha mdogo wake. Afundishaye naye hujifunza.

Elimu ya msingi ya miaka tisa, iliyoanzishwa mwaka 2013, huishia kwa mtihani wa taifa. Miaka tisa yaonekana mingi, lakini haba na haba hujaza kibaba. Ndugu wazazi, tengeni nusu saa ya kwanza Jumatatu ijayo.