Mtoto anapotaka kurusha ndege: mchezo upi wa kompyuta unamfaa?

Mzazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayemtafutia mtoto wa miaka 6 au 7 mchezo wa kurusha ndege hukumbana mara moja na tatizo la uchaguzi. Kwenye maduka ya programu za simu, michezo mingi inayobeba picha ya ndege ni ya vita: kulenga, kufyatua, kulipua. Kwa upande mwingine ipo simuleta, yaani programu inayoiga ndege halisi kwa kufuata kanuni za hewa, uzito na mwendo, ambayo haina adui wala silaha, lakini imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima wenye subira. Katikati ya hizo mbili nafasi ni finyu, na kosa la kuchagua hugharimu fedha, bando la intaneti na pengine hamu yenyewe ya mtoto.

Simuleta si jambo geni, na haikuanzia jeshini kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha vinanda mjini Binghamton, jimbo la New York, alitumia mifuko ya kupulizia hewa ya vinanda kuunda kijindege cha mbao kilichoweza kuinama na kugeuka kikiwa kimefungwa sakafuni. Wateja wake wa mwanzo walikuwa viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani lilivutiwa mwaka 1934 tu, baada ya marubani wake waliopewa kazi ya kusafirisha barua kufa katika mfululizo wa ajali za hali mbaya ya hewa, na likanunua mashine 6. Leo, katika chuo cha mafunzo cha shirika la ndege la Ethiopia mjini Addis Ababa, marubani hufanyia mazoezi hitilafu za injini na kutua kwa dharura ndani ya simuleta kubwa zinazosimama juu ya miguu ya mitambo, bila abiria wala ndege kuwa hatarini.

Mchezo wa nyumbani ni mjukuu wa mashine hiyo. Unaojulikana zaidi ni Microsoft Flight Simulator, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Toleo la mwaka 2020, lililotengenezwa na kampuni ya Asobo ya mjini Bordeaux, Ufaransa, lina viwanja vya ndege zaidi ya 37,000, na toleo jipya zaidi lilitoka Novemba 2024. Kwa uzuri wa picha hakuna mfano wake. Mtoto anaweza kuuona Mlima Kilimanjaro ukitokeza juu ya mawingu, au kufuata ukingo wa Ziwa Victoria mpaka Entebbe.

Hapa ndipo wazazi wengi hupotoshwa na alama ya umri. Mfumo wa PEGI unaotumika Ulaya umeupa mchezo huo alama ya 3, na mzazi anayesoma kibandiko hicho huamini kwamba mtoto wa miaka 3 anaweza kuucheza. Alama hiyo haisemi hivyo. Inasema tu kwamba hakuna damu, matusi wala mambo ya kutisha ndani yake. Ndege ikianguka, skrini huwa nyeusi na safari huanza upya. Kuhusu ugumu, alama iko kimya kabisa. Mtoto anayeketi mbele ya chumba cha rubani chenye vishale na swichi nyingi, maelekezo yakiwa kwa Kiingereza, atajaribu mara tatu, ataanguka mara tatu, kisha ataomba katuni. Si kwamba hana akili. Kazi aliyopewa haina mwanzo anaoweza kuushika.

Kwa hiyo swali la kwanza si mchezo upi una picha nzuri, bali ni upi unaomruhusu mtoto afanye jambo moja kwa wakati mmoja. Ndege ndogo ya injini moja ina kazi nne za msingi: kuongeza au kupunguza nguvu ya injini, kuinua na kushusha pua, kulalia upande mmoja ili kugeuka, na kuongoza mkia. Simuleta nzuri kwa mtoto ni ile inayoweza kubeba tatu kati ya hizo yenyewe na kumwachia moja. Microsoft Flight Simulator ina mipangilio ya usaidizi inayofanya hivyo, na toleo la 2020 lina masomo mafupi yanayorushwa kwa Cessna 152 katika anga la Sedona, Arizona. Mzazi akiwasha usaidizi wote, mtoto anaweza kuanza na kugeuza tu. Asipouwasha, mtoto hajapewa mchezo, amepewa mtihani.

Tatizo la pili ni gharama. Toleo la 2020 linahitaji nafasi ya takribani gigabaiti 150 kwenye kompyuta. Lile la 2024 limepunguza mzigo huo hadi gigabaiti 50, lakini kwa masharti: sehemu kubwa ya ardhi na majengo hupakuliwa kupitia intaneti wakati mchezo unaendelea. Watengenezaji wanataja kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kuwa ya chini kabisa na 50 kuwa inayopendekezwa, pamoja na kumbukumbu ya kompyuta isiyopungua gigabaiti 16. Kwa nyumba yenye intaneti ya waya isiyo na kikomo hilo linavumilika. Kwa familia inayonunua bando la simu kwa siku au kwa wiki, jioni chache za kucheza zinaweza kumaliza data iliyokusudiwa kazi za shule na mawasiliano ya nyumba nzima. Jambo hili halisemwi kwenye matangazo, na ndilo mzazi wa kanda hii anapaswa kuliuliza kabla ya kulipa.

Habari njema ni kwamba kwa mtoto mdogo hakuna haja ya kuanzia huko. Google Earth Pro, programu ya ramani inayopatikana bure kwa kompyuta, ina simuleta ndani yake tangu mwaka 2007 enzi za toleo la 4.2. Katika kompyuta ya Windows hufunguliwa kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl, Alt na A kwa pamoja. Ndege ni mbili tu, ya kivita aina ya F-16 na ya kiraia aina ya SR22, na vipimo ni vichache. Kwa mtu mzima mpenzi wa urubani ni kichekesho. Kwa mtoto wa miaka 6 inatosha: anachagua SR22, anaongoza kwa kipanya, na chini yake kuna mtaa anaoufahamu.

Hatua inayofuata inaweza kuwa GeoFS, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa. Ina ndege nyingi na inachezeka bure, ila huwakutanisha wachezaji wa dunia nzima katika anga moja na ina sehemu ya kuandikiana ujumbe. Mzazi aizime au aifiche sehemu hiyo kabla ya kumwachia mtoto. Kwa simu na vishikwambi, X-Plane ina toleo lenye masomo ya bure ya kupaa na kutua kwa Cessna 172; sehemu kubwa ya mengine hulipiwa, kwa hiyo ununuzi ndani ya programu ufungwe kwa nywila ambayo mtoto haijui.

Kwa mtoto aliyefikisha miaka 9 au 10 na ambaye hamu yake haijapoa, FlightGear inastahili kutazamwa. Ni programu huria iliyoanza kusambazwa mwaka 1997, hutengenezwa na watu wanaojitolea, na haina bei. Sura yake si ya kuvutia na menyu zake zinachosha, lakini mwenendo wa ndege umefanyiwa kazi kwa uangalifu. Tahadhari moja: wapo wafanyabiashara waliowahi kuibadilisha jina na kuiuza mtandaoni kana kwamba ni bidhaa yao, na mradi wenyewe umelazimika kuwaonya watumiaji. Ipakuliwe kwenye tovuti ya FlightGear pekee, bila kulipa.

Baada ya kuchagua programu, inabaki kuchagua safari, na hapa Afrika Mashariki ina bahati. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, ni takribani kilomita 73. Cessna 172 ikienda kilomita 220 kwa saa hufika kwa dakika 20 hivi, muda ambao mtoto anaweza kuuvumilia bila kuchoka. Mwelekeo ni kaskazini karibu moja kwa moja: bahari iko chini, pwani ya bara inajitenga upande wa kushoto, na kisiwa kinajitokeza mbele. Njia ya kurukia ya Zanzibar imelala kusini kwenda kaskazini, hivyo anayetoka Dar es Salaam huikuta imenyooka mbele yake. Ina urefu wa kama kilomita 3, inayosamehe makosa mengi ya rubani mgeni.

Mwanzoni mwa njia hiyo imeandikwa namba 36. Mtoto akiuliza maana yake, jibu ni hesabu anayoweza kuielewa: dira ina digrii 360, kaskazini ni 360, na namba za njia za ndege huandikwa kwa kuondoa sifuri ya mwisho. Upande wa pili wa njia hiyohiyo pameandikwa 18, kwa maana ya kusini. Kanuni ni hiyohiyo Kigali, Bujumbura na kwingineko duniani.

Hata herufi zinazotumika kutafuta kiwanja ndani ya mchezo zina mantiki yake. Dar es Salaam ni HTDA, Zanzibar HTZA, Nairobi HKJK, Entebbe HUEN, Kigali HRYR, Addis Ababa HAAB. Herufi H ya mwanzo huonyesha ukanda, na inayofuata huonyesha nchi: T kwa Tanzania, K kwa Kenya, U kwa Uganda. Goma, ingawa ni jirani wa karibu wa Rwanda, huanza na F, kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo imewekwa katika ukanda mwingine. Mtoto mwenye kupenda mafumbo anaweza kuzunguka nchi jirani zote kwa herufi hizo.

Akizoea Zanzibar, apelekwe Addis Ababa. Uwanja wa Bole uko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa yanapata nguvu kidogo ya kuinua na injini inavuta hewa kidogo, hivyo ndege ileile iliyopaa upesi Zanzibar itakimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi. Simuleta halisi huonyesha tofauti hiyo. Michezo mingi ya ndege ya simu haionyeshi, na hicho ni kipimo kizuri cha kuitambua ipi ni ipi.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na muda mfupi zaidi ni bora. Kwa wa miaka 5 na kuendelea, shirika hilo linahimiza kupunguza muda wa skrini bila kutaja namba. Faida ya simuleta ni kwamba safari ina mwisho wake wa asili. Ni rahisi kumwambia mtoto "ukitua, tunazima" kuliko kumkatiza katikati ya mchezo usio na kikomo.

Mzazi akae kando yake katika safari za mwanzo, si kwa ulinzi tu, bali kama mkalimani. Michezo hii mikubwa haina menyu za Kiswahili. Maneno yenyewe hayana ugumu: mwinuko, kasi, dira, nguvu ya injini. Hata vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua vinaweza kuelezwa kwa kuweka kiganja nje ya dirisha la basi na kukiinamisha kidogo, ingawa ni vyema basi liwe limesimama na upepo uwe wa kufikirika.

Vifaa vya ziada visinunuliwe mapema. Miwani ya uhalisia pepe haifai kwa umri huu. Kampuni ya Meta, kwa mfano, imeweka miaka 10 kuwa umri wa chini wa kutumia yake, tena kwa idhini ya mzazi. Kijiti cha kuongozea ndege ndicho kinachobadilisha mambo kweli, kwa sababu mkono wa mtoto hukielewa haraka kuliko vitufe vya kibodi, lakini kinunuliwe baada ya mtoto kudumu na hamu yake kwa miezi kadhaa. Na kipimwe kwa mkono wake, si wa baba. Logitech Extreme 3D Pro, kinachopatikana kwa wingi, kimechongwa kwa mkono wa kulia, Thrustmaster T.16000M hukaa katika mkono wowote. Mtoto anayeandika kwa kushoto asipewe cha kwanza kwa sababu tu ndicho kilichokuwapo dukani.