Programu inajifunga yenyewe? Huenda memori inavuja

Asubuhi programu ilikuwa nyepesi. Jioni inaburuza, skrini inaganda, mara inajifunga yenyewe. Wengi tunailaumu simu: "Hii imeshazeeka." Lakini wakati mwingine kosa liko ndani ya programu, na linaitwa kuvuja kwa memori.

Inavujaje?

Kila skrini unayofungua inachukua sehemu ya RAM. Ukiifunga, Android ina mfagiaji wake wa kurudisha nafasi hiyo. Shida ni kwamba mfagiaji hagusi kitu ambacho bado kimeshikiliwa na sehemu nyingine ya programu. Ni kama mteja ameshaondoka mgahawani, lakini meza yake bado inahesabika imekaliwa. Meza za hivyo zikiwa nyingi, mteja mpya hana pa kukaa. Hapo programu inaanguka.

Kisa cha Square

Square, kampuni ya malipo ya Marekani, ilikutana na hili. Programu yake ilikuwa ikianguka pale mteja anapotia saini kwenye skrini baada ya kulipa. Mafundi walihangaika na sehemu ya saini, wapi! Kumbe saini haikuwa mkosaji. Iliomba nafasi kubwa, ya ukubwa wa skrini nzima, wakati memori imeshajaa vitu vilivyopaswa kuondolewa zamani.

Wakatengeneza kifaa cha kusaka mivujo, LeakCanary, wakakitoa bure mwaka 2015. Jina linatokana na kanari, ndege mdogo ambaye wachimbaji wa makaa ya mawe walishuka naye mgodini. Hewa ya sumu ilimdhuru yeye kwanza, nao wakapata muda wa kukimbia.

Kinafanyaje kazi?

Skrini ikifungwa, LeakCanary inasubiri sekunde 5, inamwita mfagiaji, kisha inaangalia. Kama skrini bado ipo kwenye memori, inapiga picha ya memori nzima na kuonyesha mnyororo: nani kamshikilia nani.

Square walisema ajali za kuishiwa memori zilipungua kwa asilimia 94. Walikuta hata mivujo iliyokuwa ndani ya Android yenyewe.

Kuiweka ni rahisi, kusafisha ndiyo kazi

Siku hizi kuiongeza ni mstari mmoja tu kwenye mipangilio ya mradi. Inawekwa kwenye toleo la majaribio, si lile unalopakua wewe, kwa sababu kupiga picha ya memori kunaigandisha programu kwa muda.

Kwenye programu kubwa ya miaka mingi, ripoti za mwanzo zinaweza kuwa nyingi. LeakCanary inaziweka pamoja zinazofanana, hivyo timu inaona ipi inajirudia zaidi na kuanza nayo.

Wewe ufanye nini?

Kuifunga programu kabisa na kuifungua upya kunarudisha memori, ila kwa muda tu. Dawa ni marekebisho ya watengenezaji, kwa hiyo usipuuze masasisho. Na programu ikianguka ikakuomba utume ripoti, itume.