Kazi isiyo na kiti haina heshima

Wataalamu wa lugha walipoitafutia jina la Kiswahili ile kompyuta ndogo ya kubebwa, walituletea neno "kipakatalishi". Ni neno zuri, nami sina ugomvi nalo. Limetokana na kupakata, na kila mzazi anajua kupakata ni nini: ni kumweka mtoto mapajani. Lakini anayepakatwa ni mtoto, na hata mtoto hapakatwi kutwa kucha. Mapaja yakifa ganzi, mtoto hushushwa akaketishwa mkekani. Kipakatalishi hakishushwi. Katika nyumba nyingi ninazoingia siku hizi, kinapakatwa tangu asubuhi hadi usiku wa manane, na mwenye kukipakata amezama ndani ya kochi kama jiwe lililotumbukia topeni.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, Rais Uhuru Kenyatta alihimiza ofisi za serikali na kampuni za watu binafsi ziwaache wafanyakazi wao wafanyie kazi nyumbani. Baadaye wengine walirudi maofisini, na wengine hawakurudi tena. Wako pia vijana wengi waliomaliza masomo wakapata vibarua vya mtandaoni, ambavyo ofisi yake ni popote penye umeme na intaneti. Katika nyumba ya vyumba viwili, hapo popote ni sebuleni. Kazi imehamia nyumbani, ila haikuhama na meza yake wala kiti chake. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, ndugu msomaji.

SEBULE NI YA NANI?

Tangu zamani sisi humfikiria kwanza yule anayebisha hodi. Kule Lamu, nyumba za mawe zilijengewa daka mlangoni, na mabaraza ya kumpokea mgeni kabla hajaingia ndani. Mgeni wa heshima alitolewa kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe na kusukwa kwa uzi. Mpaka leo viti hivyo vinatazamwa katika Makumbusho ya Lamu. Huko bara nako, kigoda cha mzee hakikukaliwa na kila mpita njia.

Baadaye yalikuja makochi. Yalikuja kwa seti, yakavikwa vitambaa vya kufuma, na katikati yake ikatiwa meza fupi ya kuwekea chai. Televisheni ilipoingia Kenya mwaka 1962, nayo ilitafutiwa mahali pake. Wenye uwezo waliichongea kabati, mara nyingine lenye milango na kufuli, na makochi yakageuzwa yakaielekea. Basi mgeni na televisheni wakagawana chumba. Kompyuta ilipofika ilikuta nafasi zote zimeshakaliwa.

Tazama vipimo vyenyewe. Makochi mengi yana kimo cha sentimita 40 na kitu kutoka sakafuni, nayo yameingia ndani sana. Mtu mfupi akiegemea nyuma, miguu yake inaning'inia. Akiikanyagisha chini, mgongo unakosa egemeo. Kwa mtu aliyekuja kunywa chai na kupiga soga hapana ubaya wowote, kwa sababu kochi limeumbwa ili mtu alegee. Meza ya katikati nayo ina kimo sawa na kochi, au pungufu, kwa kuwa kazi yake ni kupokea kikombe. Ukiweka kipakatalishi juu yake, itakubidi uiname kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

MWILI NDIO UNAOLIPA

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, shingo hukibeba bila ya kulalamika. Kikiinamishwa mbele, hesabu inabadilika. Mwaka 2014 daktari mmoja wa Marekani anayepasua uti wa mgongo, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu zake akaonyesha kwamba shingo iliyoinama kwa nyuzi 60 inaweza kubeba mzigo wa kiasi cha kilo 27. Huo ni zaidi ya nusu ya gunia la saruji, na umebebwa na mtu anayedhani kwamba ameketi anapumzika.

Kasoro nyingine imo katika chombo chenyewe. Kioo cha kipakatalishi na vibonye vyake vimeunganishwa. Ukikiweka mahali panapoifaa mikono, kioo kiko chini mno na shingo inainama. Ukikiinua mpaka kioo kiyafae macho, mikono inaning'inia hewani. Na ukikiweka juu ya mto, mto unaziba matundu ya kupitishia hewa, nacho kinapata moto kama pasi.

Mpwa wangu mmoja, binti wa dada yangu, anakaa na wazazi wake Kisauni, Mombasa. Kazi yake ni kusikiliza mikutano ya watu walio ng'ambo iliyorekodiwa, na kuiandika neno kwa neno. Kazi hiyo humjia jioni na hutakiwa iwe tayari kabla ya mapambazuko. Kwa mwaka mzima aliifanyia kwenye kochi. Kwanza shingo ilikakamaa, kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Alipokwenda zahanati, mganga hakuanza na dawa. Alimuuliza anaketi wapi.

Nilipomtembelea, niligundua kwamba maumivu yalikuwa nusu tu ya taabu yake. Nusu ya pili ilikuwa ni kwamba hapana mtu nyumbani aliyeamini kwamba anafanya kazi. Kila alipoketi na chombo chake mapajani, alitumwa chumvi dukani. Wadogo zake walimrukia. Mgeni akiingia, yeye ndiye aliyeambiwa ainuke ampishe. Mtu aliye kwenye kochi, machoni mwa watu, amepumzika.

"Mjomba," aliniambia, "kazi ninayo. Mahali pa kuifanyia ndipo sina."

WAZEE WALILIJUA HILI

Maneno hayo yalinifikirisha sana. Katika lugha yetu, anayeongoza mkutano tunamwita mwenyekiti. Hatukumpa cheo kwa jina la kofia yake wala fimbo yake; tulimpa kwa jina la kiti. Mwenye kiti chake anasikilizwa, na asiye nacho huinuliwa akampisha mwingine.

Tena wazee hawakuiacha kazi ya nyumbani bila ya samani yake. Itazame mbuzi ya kukunia nazi. Ni kiti na chombo kwa pamoja: mkunaji hukalia ubao, na chuma chenye meno kimejitokeza mbele yake, mahali hasa panapofikiwa na mikono miwili yenye kifuu. Aliyeibuni mbuzi alianza na kazi yenyewe, akamtazama mwenye kuifanya, ndipo akachonga. Itazame pia marufaa, kile kibao cha kukunjwa kinachowekewa msahafu. Msomaji ameketi chini mkekani, na kitabu kimeinuliwa kiyafuate macho yake, badala ya macho kukifuata kitabu.

Na cherehani je? Ile ya kukanyaga kwa miguu ilikuja na meza yake, kimo chake kimepimwa kwa mikono na miguu ya mshonaji. Ilipowekwa sebuleni karibu na dirisha, nani alimtuma chumvi mama aliyeketi mbele yake? Watoto wenyewe walijua kwamba mlio wa cherehani ni ada ya shule. Mashine hiyo ilipata heshima kwa sababu ilikuwa na pahala pake, na aliyeketi hapo alionekana wazi kwamba yuko kazini.

KUMPIMA MTU KABLA YA MBAO

Tulikwenda kwa fundi seremala wa jua kali asiye mbali na nyumbani kwao. Fundi alikuwa tayari kutuuzia meza iliyokwisha kutengenezwa, yenye kimo cha sentimita 75, kama zilivyo meza nyingi za kulia chakula. Tulimwomba kwanza ampime binti mwenyewe, kama vile fundi wa nguo anavyompima mtu kabla ya kukata kitambaa. Alicheka, kisha akatoa futi yake.

Vipimo hivyo ni rahisi, na kila mtu anaweza kuvichukua nyumbani. Cha kwanza ni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, mtu akiwa na viatu anavyovaa ndani. Hicho ndicho kimo cha kiti. Kwa mpwa wangu kilikuwa sentimita 42. Cha pili ni kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, akiwa ameketi, mabega yameshuka na mkono umekunjwa. Hicho ndicho kimo cha meza. Chake kilikuwa sentimita 65. Ile meza ya tayari ingemzidi kwa sentimita 10 nzima, naye angeandika mabega yakiwa yamepanda masikioni.

Kipimo cha tatu ni urefu wa kalio la kiti kwenda ndani: mtu akiegemea, vidole viwili au vitatu vipite baina ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Fundi alitaka kutia mtoto wa meza kwa ajili ya kalamu na karatasi. Tulimkataza, kwa sababu magoti ndiyo yaliyohitaji nafasi hiyo. Ubao wa juu alituwekea upana wa sentimita 60, ili kioo kikae mbali na macho kiasi cha urefu wa mkono. Mbao zilikuwa za saipresi, na bei ya meza na kiti haikufika robo ya bei ya seti ya makochi iliyokuwa sebuleni.

Mwisho alitengeneza kijukwaa kidogo cha kuinulia kipakatalishi mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Mimi nilikiita marufaa, na jina likashika. Ikanunuliwa kibodi ya kando na kipanya chake, ili mikono ibaki chini kioo kikiwa juu. Meza iliwekwa ubavuni mwa dirisha, kwa maana mwanga ukitoka mbele unaumiza macho, na ukitoka nyuma unang'aa juu ya kioo.

Kikwazo kilikuwa shemeji yangu. Ili meza ipate nafasi, kochi moja la mtu mmoja lilipaswa kutolewa barazani. "Wageni wakija watakaa wapi?" aliuliza. Dada yangu alimjibu kwa kumuuliza ni mara ngapi kwa mwaka makochi yote yamejaa. Shemeji alifikiri kidogo, akataja Idi. Kochi likatoka.

Shingo haikupona kwa siku moja. Ilichukua majuma, na ilimbidi ainuke kila baada ya muda, atembee, atazame mbali nje ya dirisha, kwani hata kiti kizuri hakimfai mtu asiyeinuka. Lakini badiliko jingine lilikuja upesi zaidi. Juma la pili nilipofika, wadogo zake walikuwa wakipigana mieleka kama kawaida yao. Shemeji aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti lake, akasema, "Nyamazeni! Dada yenu yuko kazini." Neno hilo hakupata kulisema katika mwaka mzima wa kochi.

ASIYE NA FEDHA ZA FUNDI

Nawasikia wanaosema kwamba kwao hapana nafasi wala fedha. Mengi hayahitaji fedha. Acha kochi, chukua kiti cha mbao cha kulia chakula, ukiwekee mto mdogo kiunoni. Meza ikikuzidi kimo, kalia mto mgumu na uweke kibao au ndoo ndogo iliyopinduliwa chini ya miguu. Hata kiti cha enzi kilikuwa na pahala pa kuwekea miguu, na hakuna aliyemcheka mkaliaji wake. Vitabu vitatu vinene vinainua kioo sawasawa na kijukwaa cha seremala. Kitu cha kununua ni kibodi ya kando tu, na katika maduka ya mitumba si ghali.

Wala usidhani kwamba kiti cha bei kubwa ni lazima kikufae. Nimeviona viti vya magurudumu vinavyong'aa madukani, vyenye mikono mipana isiyoingia chini ya meza yoyote ya Mkenya, vikimwacha mwenyewe ameketi mbali na kazi yake. Keti kwanza, pima kwanza, ndipo utoe fedha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa uti wa mgongo haujengwi kwa saruji.

Kwa maoni yangu, wakati umefika tuulize swali jipya tunapopanga sebule: ni nani anayekaa humu saa nyingi zaidi, naye anafanya nini? Simfukuzi mgeni, ukarimu ni fahari yetu. Lakini wahenga hao hao waliotufundisha ukarimu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa hata mgeni hutafutiwa jembe na shamba la kulimia, kijana wa nyumbani aliyekwisha kujipatia jembe lake mwenyewe hastahili kukosa mahali pa kulitumia.